Darubini Kubwa

Mke wa Shabaha aliingia duka la bunduki nyuma ya mumewe, akijifanya amekuja mjini kufuata sabuni. Sabuni angeipata popote. Alikuja kwa sababu mumewe hakupaswa kuachwa peke yake mahali penye maandishi ukutani, na hiyo ilikuwa siri ya wawili, siri waliyoitunza kwa miaka miwili kuliko walivyotunza kitu kingine chochote nyumbani kwao.

Shabaha ni jina alilopewa shambani enzi zile alipokuwa anamwangusha mbweha anayekimbia kwa risasi moja, bila darubini, huku kijiti kikining'inia mdomoni. Jina lilibaki, macho yakaondoka. Daktari wa macho alisema ni ukungu kwenye mboni, na kwamba hutolewa kwa upasuaji. Lakini mlinzi wa kondoo anayeomba ruhusa akapasuliwe macho amejitangaza mwenyewe kuwa hafai, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya shamba. Binti yao naye alikuwa amerudi humo na mtoto mgongoni baada ya kufukuzwa na mumewe. Hawakuwa na paa lingine la kukimbilia.

Msimu ule kondoo walipoanza kuzaa, mbweha walizidi wingi, wakawachezea shere. Kila asubuhi ilikutwa ngozi, au kwato tu. Bosi, mwenye shamba, hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alipomwambia Shabaha kwamba hali ikiendelea hivi atatafuta mlinzi mwingine, alisema kwa sauti ileile anayoagizia chai. Kisha akatangaza kuwa atanunua darubini ya kufunga juu ya bunduki, ili kesho asije akaambiwa hakutoa vifaa, na siku hiyo alikuja nao dukani mwenyewe.

Muuzaji alikuwa mama mmoja mtu mzima, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba.

"Mnapiga nini?" aliuliza.

"Mbweha," alijibu bosi.

"Umbali gani?"

"Kutoka zizini mpaka vichakani. Tuseme urefu wa uwanja wa mpira, hauzidi hapo. Nyasi ndefu, vichaka vichaka."

Yule mama aliweka darubini mbili juu ya kaunta. "Hii ndogo inavuta kuanzia mara tatu mpaka mara tisa. Hii kubwa inaanzia mara sita, inakwenda mpaka ishirini na nne. Watu wakiingia hapa wanakimbilia kubwa, kama wanachagua tikiti maji. Lakini ukivuta sana unaona kipande kidogo tu. Utaona manyoya, mnyama mwenyewe humwoni, wala huoni nani amesimama kando yake. Kwa umbali wenu mara nne inatosha, sana sana mara tano."

"Umesikia, Shabaha?" alisema bosi. "Lakini mlengaji ni wewe. Jaribu uchague."

Shabaha alichukua ile ndogo, akasimama mlangoni, akaielekeza kwenye bango la duka la ng'ambo ya barabara. Mkewe hakutazama bango. Alitazama mdomo wa mumewe, na mdomo ulifunguka kidogo, kama ulivyofunguka kila alipokuwa anabahatisha.

"Vipi?" bosi aliuliza.

"Nzuri. Ila ina ukungu kidogo."

Muuzaji aliipokea, akaifuta, akachungulia mwenyewe. "Haina ukungu, baba."

Ndipo Shabaha aliposhika ile kubwa. Alizungusha pete yake mpaka mwisho, akalitafuta lile bango kwa muda mrefu, na mara uso wake wote ukachangamka. "Fundi viatu," alisoma kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Na hapo chini: tunashona na mikoba." Akaishusha, macho yamemlowa. "Hii, bosi. Hii ndiyo yenyewe."

"Bango halikimbii," alisema yule mama.

Bosi alikunja uso. "Si umeambiwa haifai? Mbona unaing'ang'ania?"

Shabaha aliikumbatia ile kubwa kifuani. Jasho lilianza kumtoka kwenye paji la uso, na mkewe alijua kwamba swali lingine moja tu, bosi akimwambia asome bango kwa macho matupu, watakuwa wamekwisha. Akajikuta anasema.

"Siku hizi wanakaa juu, bosi. Kule kwenye mlima wa nyuma ya zizi. Wanatutazama kwa mbali, tukisogea tu wanapotea."

Ulikuwa uongo mtupu. Kwenye mlima ule hapakuwa na mbweha hata mmoja, palikuwa na mawe. Bosi alimgeukia kama mtu aliyesikia kiti kinaongea.

"Na wewe siku hizi mwindaji?"

"Naokota kuni kule, bosi."

Bosi alicheka, akatoa pochi. "Haya mama, mfungie hilo dude. Wenye mlima wao wamesema."

*

Kabla ya kuifunga kwenye bunduki, Shabaha alikaa nayo kizingitini mchana mzima. Alitazama kuku wa jirani. Alitazama nati za tangi la maji. Alimtazama mjukuu wake aliyekuwa anatambaa upande wa pili wa uwanja, akapiga ukelele.

"Ana meno!"

"Si yale manne tu, baba," alisema binti yake. "Mbona ulimpakata jana?"

Kisha akaigeuzia kambani, mahali mkewe alipokuwa anaanika nguo. Alikaa hapo muda mrefu.

"Mama watoto, una mvi."

"Ulikuwa hujui?"

"Na hapa kando ya mdomo kuna mistari. Imeanza lini hii?"

Mke aliendelea kubana nguo. Aliona haya, kana kwamba anachunguliwa na mtu baki, halafu kitu kikamchoma: kumbe miaka yote miwili mumewe alikuwa analala na mwanamke wa kukumbuka tu. Mzee wa watu alikuwa anacheka kwa furaha, naye akacheka ili asimwache peke yake. Alipomaliza nguo aliingia jikoni, akasingizia moshi.

Walikuwa na namna yao ya kufanya kazi, hawa wawili. Kila alfajiri ikishapambazuka mke alijitwika kamba ya kuni, akamfuata mumewe vichakani, akasimama nyuma ya bega lake la kulia na kumnong'oneza. Kulia. Kulia tena. Kile kichuguu, shuka chini yake. Ametulia. Sasa. Shabaha aliona kivuli tu, lakini mkono wake ulikuwa bado mkono wa zamani, na sauti ya mkewe aliiamini. Mbweha wote wa mwaka uliopita walianguka hivyo, na sifa zilikwenda kwa Shabaha. Mke hakuzitaka sifa. Alitaka nyumba.

Jioni ile, darubini ilipokwisha kufungwa na kujaribiwa kwa kopo lililowekwa juu ya mti wa uzio, Shabaha alisema, "Kesho usije."

"Kwa nini?"

"Naona mwenyewe sasa. Kopo lile nimelisoma mpaka jina la kiwanda."

"Kopo limetulia, baba. Yule mama alisema..."

"Yule mama anauza. Mimi ndiye ninayepiga."

Angeweza kumbishia. Alikuwa na maneno tele, na mengine makali. Lakini tangu lini alimwona mumewe anatembea kifua mbele namna ile? Moyo ulimwambia amwache afurahi hata siku moja, akaufuata, na baadaye aliujutia moyo huo kuliko alivyoujutia uongo wa mlima.

*

Jua lilikuwa limeshatoka aliposikia mlio. Alikuwa anakanda unga. Alisubiri mluzi, maana mumewe akipata hupiga mluzi. Badala yake alisikia mtu anapiga mayowe, na mtu huyo hakuwa Shabaha. Alitoka mbio na unga wake mikononi.

Aliyekuwa akipiga mayowe ni mchungaji wa kondoo, mwanamume mkimya aliyelala kwenye banda la malisho na kuwapelekea watoto wake mshahara kwao. Walimwita Koti kwa sababu ya koti lake la kahawia ambalo hakulivua masika wala kiangazi. Alikuwa amesimama katikati ya nyasi, amekumbatia mwana-kondoo aliyejaa tope. Mbele ya miguu yake alilala Polisi, mbwa wa bosi, yule aliyelelewa kwa maziwa ndani ya nyumba kubwa na kulala kwenye zulia. Alikuwa amekwisha kukata roho.

"Nilikuwa nimeinama hapa, mama," alisema Koti. "Hapa! Namtoa huyu kwenye tope. Polisi alikuwa mbele yangu, hivi, ananusa. Ile nataka kuinuka ndiyo nikasikia paa!" Alijipapasa kifua, kana kwamba hana hakika bado kimo.

Shabaha alifika akijikwaa, bunduki mkononi. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kumgusa mbwa, ndipo akaelewa.

"Niliona manyoya," alisema. "Ya kahawia. Niliyaona vizuri kabisa, mama watoto. Unywele mmoja mmoja."

Hakuwa anadanganya. Aliliona lile bonge la manyoya kuliko alivyowahi kuona kitu katika miaka miwili, na pembeni yake hakuona kitu. Koti la kahawia nalo lingeweza kabisa kuwa manyoya.

Bosi alipofika alivua jaketi lake, akamfunika mbwa. Hakuuliza kuhusu Koti. Aliitwaa bunduki, akaielekeza nyasini, akachungulia, akaihamisha huku na huku.

"Nyasi tu," alisema. "Sioni kichwa wala mkia. Yule mama alituambia, alituambia kabisa!" Akamgeukia mke wa Shabaha. "Na wewe na mlima wako! Uko wapi huo mlima leo?"

Mke aliinamisha kichwa. Unga ulikuwa umeanza kumkaukia vidoleni. Alimsikia mumewe anakohoa, halafu anacheka kicheko kidogo cha kujikomba.

"Ndiyo hivyo, bosi. Ukimruhusu mwanamke aingilie mambo ya bunduki. Mimi mwenyewe nilikuwa naelekea ile ndogo."

Lilikuwa neno la kuwaokoa, na mke alilijua hivyo. Kosa likiwa la darubini, na darubini ikiwa ya mwanamke mjinga, basi macho ya Shabaha hayana kesi. Hata hivyo lilimwingia kama mwiba, na Koti alilisikia, na wafanyakazi wengine wawili waliokuja mbio kutoka zizini walilisikia pia na wakacheka kwa sababu bosi alikuwa anaangalia.

"Mchana huu huu nairudisha," alisema bosi. "Nachukua ile ndogo. Mbwa utanilipa polepole. Na mwisho wa wiki wajukuu zangu wanakuja, wanataka kukimbia na wana-kondoo humu nyasini. Sitaki waone hata mkia wa mbweha."

*

"Umeniaibisha mbele ya watu," alisema mke walipofika nyumbani.

"Nimeokoa nyumba."

"Najua umeokoa nyumba. Nasema umeniaibisha."

Shabaha alivua viatu.

"Na kwa ile ndogo utaona nini?" aliendelea mke. "Ulishasema ina ukungu."

"Utasimama nyuma yangu. Kama zamani."

"Na siku nikiumwa?"

"Usiumwe," alisema Shabaha, na hakuwa anatania.

Alasiri Koti alibisha hodi, akakataa kuingia. Alikuwa amelikunja koti lake mkononi. Mke wa Shabaha hakuwahi kumwona bila hilo koti, na alishangaa jinsi mabega yake yalivyokuwa membamba.

"Mama, samahani. Nina kaombi kadogo. Huna kitambaa chekundu? Unishonee hapa mgongoni. Na kifuani kama kitatosha."

"Cha nini, baba?"

Koti alitazama vidole vyake vya miguu. "Mtu aonekane ni mtu."

Ndani, Shabaha alisikika anakoroma.

"Mimi sisemi kitu, mama," alisema Koti. "Sijawahi kusema. Kila mtu ana tumbo lake. Lakini nina watoto."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku aliponivulia kofia, akaniambia, 'Habari za asubuhi, bosi.'" Koti alicheka peke yake, akaacha. "Nikamwitikia tu. Ningefanyaje?"

Mke wa Shabaha alitamani ardhi ipasuke. Kumbe zile alfajiri zote za kujitwika kamba ya kuni, watu walikuwa wanamwangalia anapita na kumhurumia! Alichukua blauzi yake nyekundu, ya pekee aliyokuwa anaipenda, akaikata. Alishona kipande kikubwa mgongoni mwa koti na vidogo viwili kifuani, kwa mshono wa kurudiarudia ili visibanduke. Alishona kwa moyo safi. Lakini alipokata uzi wa mwisho alipata wazo, akatoka nje, akalitundika koti kambani, nyekundu ikielekea nyumba. Akamwamsha mumewe, akamketisha kizingitini.

"Kuna nini kwenye kamba?"

Shabaha alikunja macho. "Shuka."

"Rangi gani?"

"Ndiyo mambo gani haya ya kuniamshia?"

"Rangi gani, baba watoto? Nijibu tu."

"Giza giza. Bluu."

Kutoka kizingitini mpaka kambani mtoto mdogo angeweza kurusha mpira. Mjukuu wao alikuwa hapo chini ya kamba, ameshika mguu wa stuli, anajifunza kusimama. Mke alimtazama, akawawaza na wale wa bosi, watakaokuja kukimbia nyasini. Yeye angesimama nyuma ya bega, sawa. Asubuhi atakayopatwa na homa, nani atasimama? Na Shabaha hatakaa nyumbani, maana atakuwa na jina lake la kulinda.

Alimpelekea Koti koti lake kwenye banda. Koti alilipokea kwa mikono miwili, akalivaa hapo hapo, akajigeuza ili lionekane. "Sasa nina amani," alisema. Mke wa Shabaha hakuweza kumwambia. Alitoka hapo akashika moja kwa moja njia ya nyumba kubwa, harakaharaka, kwa sababu alijijua akipunguza mwendo atarudi.

Bosi alikuwa barazani, ile darubini ndogo iko mezani ndani ya boksi lake.

"Bosi, mume wangu haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni. Macho yana ukungu, ni miaka miwili sasa. Ndiyo maana aliitaka ile kubwa. Nami ule mlima niliutunga."

Bosi aliweka kikombe chini. "Na mbweha wote wale wa mwaka jana?"

"Nilikuwa nyuma yake. Namwelekeza."

"Kumbe mlengaji ni wewe!" Alimtazama kwa muda, na mwanamke wa watu, aibu iliyoje, alipata matumaini. Yalimjia ghafla: labda atasema basi wewe shika bunduki, labda atasema kaeni. Bosi akatikisa kichwa. "Mngeniambia mapema ningempeleka hospitali mimi mwenyewe. Sasa nimempoteza Polisi."

Aliyasema kirahisi hivyo, na mke wa Shabaha hakujua, wala hatajua mpaka anaingia kaburini, kama yalikuwa ya kweli.

"Kabla wajukuu zangu hawajafika muwe mmehama," alisema bosi, akalivuta boksi karibu. "Ile nyumba ni ya mlinzi."

*

Mlinzi mpya alikuwa Koti. Nani mwingine? Alizijua nyasi zile kuliko mtu yeyote, macho yake yalikuwa mazima, na angeweza sasa kuwaleta watoto wake waishi naye kwenye vyumba vitatu badala ya kulala juu ya magunia.

Shabaha hakumpiga mkewe wala kumtukana. Aliacha kumsemesha. Akitaka maji alimwambia binti yake, "Mwambie mama yako maji," na mama yake amesimama hapo hapo. Mara moja tu alisema kitu ambacho hakikupitia kwa mtu, usiku wakiwa wamepeana mgongo: "Bosi nilimzuia mimi. Wewe ndiye uliyeniuza." Mke alikaa macho mpaka asubuhi akitafuta jibu, na jibu analo, la Koti na la watoto wale, lakini lilikuwa halitoshi kumfuta mwenzake machozi.

Siku ya kuhama walipakia vitu kwenye mkokoteni. Vilikuwa vichache kuliko walivyodhani. Walikuwa wanahangaika na beseni lililokataa kukaa juu ya godoro pale Koti alipotokea, bunduki begani, ile darubini ndogo juu yake inang'aa. Mgongoni na kifuani mwa koti palikuwa na nyuzi zilizofumuliwa. Alimpa mke wa Shabaha kitambaa chekundu kilichofuliwa na kukunjwa vizuri.

"Chako, mama. Sasa mwenye bunduki ni mimi, sina haja nacho tena."

Hakuwa na ubaya, masikini. Aliona si vizuri kubaki na kitu cha mtu. Alipoona mama wa watu amekishika tu bila kusema, aliongeza kwa sauti ya chini, "Mimi sikuomba hivi."

"Najua," alisema mke wa Shabaha.

Koti aliondoka upesi, akipita mbali na Shabaha. Shabaha aligeuza sikio kufuata hatua zake.

"Nani yule?" aliuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mkewe tangu usiku ule.

"Koti."

"Alikuwa anataka nini?"

"Amerudisha kitambaa."

"Kitambaa gani?"

Mke alimtazama. Kitambaa kilikuwa mkononi mwake, chekundu, mbele ya uso wa mumewe. Akakichana vipande viwili, akaviunganisha, akafungia beseni.

"Cha mizigo," alisema. Kisha akamwambia binti yake amshike baba yake mkono, maana mbele kulikuwa na mtaro, na mkono wa mkewe asingeupokea.